Dirisha la Bondeni



Leo sina habari kubwa. Nina habari ya dirisha la gesti, shilingi elfu arobaini, na bibi yangu. Kama una Biblia karibu, fungua kwanza kitabu cha Mwanzo sura ya 13, usome habari za Abramu na Loti, halafu urudi tuendelee. Kama uko kwenye daladala, twende hivi hivi, sura utaisoma jioni.

Swali letu la leo ni dogo. Familia inasafiri pamoja, mnafika gesti, mnaambiwa kuna vyumba vyenye mandhari nzuri na vyumba vya kawaida, na bei si moja. Je, mandhari ni kitu cha kuhangaikia? Nilidhani ni swali la pesa tu. Kumbe lilikuwa swali la kiroho, na mimi nililikosa.

SAFARI YENYEWE

Mwisho wa mwezi wa sita familia yetu ilisafiri kwenda kusini. Tunaishi Dar, lakini kwa upande wa mama kwetu ni Masasi. Bibi anakaa pale Masasi, chini ya ile milima ya mawe inayoonekana kutoka mbali kama imemwagwa tambarare. Lakini hakuzaliwa pale. Alizaliwa juu, upande wa Newala, kijiji kilicho ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu wa Makonde. Akaolewa Masasi akiwa binti, na huko akabaki.

Sasa Bibi ana miaka sabini na kitu. Magoti yanamsumbua. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Akikuangalia anaona kivuli chako, anakutambua kwa sauti. Kila tukimpigia simu, Noeli na Pasaka, ana ombi moja tu: "Kabla macho hayajafunga kabisa, mnipandishe Newala nikaone kwetu."

Mwaka huu nimepata kazi. Kwa hiyo nikasema kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote kwenye simu ya sauti ya juu: "Bibi, safari hii malazi na gari la kukupeleka kijijini ni juu yangu." Akacheka: "Ahsante, mume wangu." Unajua utani wetu, bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake. Ni utani, lakini ndani yake kuna dai: mume hutunza.

Tukapanda basi Dar alfajiri. Kibiti, Nangurukuru, Mingoyo, siku nzima barabarani. Tulipopita Ndanda, pale ilipo abasia ya Wabenediktini waliofika mwaka 1906, Mama akafanya ishara ya msalaba dirishani. Tukalala Masasi kwa Bibi. Kesho yake tukakodi Noah, tukapanda Newala: Baba, Mama, Bibi, dada yangu na mimi. Mikorosho kushoto, mikorosho kulia, na hewa inazidi kupoa.

Kama hujafika Newala, nikueleze kidogo. Mji uko juu ya uwanda, na uwanda ule hauishi polepole. Unakatika ghafla. Unatembea kwenye ardhi tambarare, mara ardhi imekwisha, na chini yako kuna bonde kubwa la mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mahali pamoja maarufu pa kutazamia panaitwa Shimo la Mungu. Wenyeji hawakukosea jina.

MAPOKEZI

Gesti tuliyofikia ilikuwa na ghorofa moja. Vyumba vya juu vinatazama bondeni: elfu hamsini kwa usiku. Vyumba vya chini vinatazama uani, penye jiko na matangi ya maji: elfu thelathini. Tulihitaji vyumba vitatu kwa siku mbili. Mfukoni nilikuwa na laki mbili na ishirini kwa ajili ya malazi na gari la Bibi.

Piga hesabu na wewe. Vyumba vitatu vya chini kwa siku mbili ni laki moja na themanini. Zinabaki elfu arobaini, na elfu arobaini ndiyo bei tuliyoambiwa ya gari la kwenda kijijini kwa Bibi na kurudi. Yaani hesabu ilikaa yenyewe kama imepangwa.

Lakini mimi nilishaona lile dirisha. Dada wa mapokezi alinipandisha juu "uangalie tu", akafungua pazia, na aisee, sikuwa mtu wa kuambiwa tena. Nikashuka nikasema: Baba na Mama chini, Bibi na dada chini kwa sababu ya magoti ya Bibi, na mimi nitachukua kimoja cha juu. Jumla laki mbili na ishirini. Senti ya gari haikubaki.

Mama akaniuliza taratibu, "Wewe unakwenda kulala au kuangalia?"

Baba akasema, "Bonde lile halihami. Kesho tutalifuata kwa miguu."

Nikajibu, na najua mlio wengi mngejibu hivyo hivyo: "Baba, nimefanya kazi tangu Januari bila kupumzika hata siku moja. Na mimi ni mtu. Bibi tutampeleka kijijini Desemba."

Pakawa kimya. Halafu Bibi, ameshika fimbo yake, macho yameelekea mlangoni si kwangu, akasema: "Mwacheni mume wangu alale pazuri. Kwetu hapajahama."

Nikapanda juu na begi langu. Jua lilikuwa linazama. Sitakudanganya ili mahubiri yanoge: kulikuwa kuzuri. Bonde limejaa rangi ambazo sina majina yake, na mto unang'aa kwa mbali kama uzi. Nikapiga picha, nikaweka status, na chini yake nikaandika mstari wa Zaburi. Watu wakaweka mioyo. Mmoja akaandika, "Mungu ni fundi." Nikajisikia nimesali.

JE, NI DHAMBI KUTAKA MANDHARI?

Tusimame hapa, maana kuna vijana wanaodhani utakatifu ni kuchukia kila kitu kizuri. Hapana. Kitabu cha Hekima ya Solomoni, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu, sura ya 13, kinafundisha kwamba ukuu na uzuri wa viumbe unatufikisha kumjua Muumba wake. Mtu anayetazama bonde la Ruvuma asisikie kitu moyoni ana shida, si fadhila.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 45, anasikitika kwamba mahali pengine sehemu zenye uzuri wa pekee zimegeuzwa mali ya wachache, wengine hawafiki. Unaona? Kanisa halisemi uzuri ni anasa isiyo na maana. Linasema uzuri ni haki ya watu, na ni huzuni watu wakizuiliwa.

Kwa hiyo usijilaumu kwa kupenda dirisha. Kosa langu halikuwa pale. Kosa langu nililielewa saa kumi na mbili asubuhi.

ASUBUHI YA UKUNGU

Niliweka kengele niamke nione jua likichomoza. Nikafungua pazia. Sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, umefika hadi kwenye kioo. Kweupe tupu, kama mtu amebandika karatasi dirishani. Elfu hamsini yangu ikawa inatazama karatasi.

Nikajifunika shuka, nikashuka chini kutafuta chai. Uani nikamkuta Bibi. Amekaa kwenye kigoda karibu na matangi ya maji, khanga mbili begani, rozari mkononi. Pembeni akina mama wawili wa jikoni wanamenya mihogo, na wote watatu wanacheka kama wamejuana miaka. Kumbe mmoja wao ni wa kijiji jirani na kwao Bibi. Walikuwa wanahesabu majina: nani yu hai, nani amefariki, nani alimwoa nani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeliona bonde?"

"Ukungu, Bibi."

Akacheka. Akagonga tangi la maji kwa fimbo yake, likalia limejaa. "Mimi bonde hili nimelisikia usiku kucha. Maji yanajaa, yanajaa. Nikawa nalia peke yangu."

Nikauliza kwa nini. Ndipo akanisimulia kitu ambacho katika miaka yangu yote sikuwahi kukiuliza.

Uwanda wa Makonde, alisema, mvua inanyesha lakini maji hayakai. Udongo wa juu ni wa mchanga, unayanywa yote, yanazama chini kabisa, yanakuja kutokea kama chemchemi kule chini ya ukingo. Watu wanakaa juu, maji yako chini. Mabomba yalianza kuvutwa kwenye uwanda miaka ya 1950, lakini kijijini kwao yalichelewa. Kwa hiyo akiwa mtoto wa miaka minane, tisa, waliamshwa majogoo hayajawika. Kata kichwani, mtungi juu ya kata, wanashuka kwenye ukingo ule gizani kwa njia ya miguu. Wanasubiri zamu chemchemini. Halafu wanapanda, na mtungi umejaa, na ukiteleza ukauvunja unarudi nyumbani kwa viboko.

"Sasa wewe unaliita mandhari," akasema, bila ubaya. "Sisi tuliliita kazi."

Halafu akaongeza: "Kuna siku moja moja tukifika juu tunatua, jua linatoka. Tunakaa hapo ukingoni, mimi na Mama yangu. Anaifungua khanga, tunakula muhogo wa jana. Tunaangalia chini. Hapo ndipo nilikuwa nataka mnipeleke. Si kijijini. Hapo tulipokuwa tunatua."

Ndugu yangu, nilisimama na shuka langu pale uani kama mtoto. Mwanamke aliyelijua bonde lile kuliko mtu yeyote ndani ya gesti ile alikuwa amelala upande wa jiko. Na mimi, niliyekuja kulipiga picha, nilikuwa nimekaa kwenye nauli yake.

MACHO YA LOTI

Sasa turudi Mwanzo 13. Abramu na mpwa wake Loti wamefanikiwa, mifugo imekuwa mingi, wachungaji wao wanagombana. Abramu ndiye mkubwa. Kwa desturi yoyote ya wazee, yeye ndiye wa kuchagua kwanza. Lakini anamwambia Loti achague: wewe ukienda kushoto, mimi nitaenda kulia.

Angalia Loti anafanya nini. Anainua macho, anaona bonde la Yordani lote lilivyo na maji, zuri kama bustani ya Mungu. Anachagua. Ni hilo tu. Hakumuuliza Abramu angependa wapi. Wala hakuuliza ni nani wanaoishi kule bondeni. Alichagua kwa macho peke yake, akaondoka, na Maandiko yanasema wakatengana. Mwisho wa bonde lile mnaujua: Sodoma.

Mara nyingi tunasoma habari hii tukidhani kosa la Loti ni kupenda bonde zuri. Lakini bonde lilikuwa zuri kweli! Biblia yenyewe inalisifu. Kosa ni kwamba bonde lilimfanya asimwone tena mzee aliyesimama pembeni yake, mzee aliyemlea na kutembea naye kutoka mbali, na ambaye sasa alimwachia haki yake.

Na usiishie hapo, maana tunda liko mstari wa 14. Loti akiisha kuondoka, Mungu anamwambia Abramu: inua macho yako. Tazama kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Yaani yule aliyekubali kukosa mandhari ndiye aliyepewa kutazama pande zote nne. Wote wawili waliinua macho. Mmoja aliyainua ili achukue, mwingine aliyainua alipoambiwa, baada ya kutoa. Na Abramu alipomaliza kutazama alijenga altare.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya dirisha si "Je, ni zuri?" Swali ni "Ni nani nimemwacha chini ili nilione?"

TULIVYOFANYA

Nilikwenda mapokezi, nikaomba kuhamia chini usiku wa pili. Chumba cha uani kilikuwepo. Nikarudishiwa elfu ishirini. Bado elfu ishirini. Nikamwendea Baba, na hii ilikuwa ngumu kuliko kuhama chumba. Nikasema, "Baba, jana nilikosea. Naomba uniongezee nitalipa mwisho wa mwezi." Baba alitoa pesa hakunisema kitu. Mama ndiye alisema: "Kamwambie mwenyewe."

Nikamwambia Bibi. Akajibu tu, "Haya, nipe mkono."

Gari likatufikisha karibu na ukingo. Ukungu ulikuwa umeshapanda, jua kali. Hatua za mwisho tulimshika huku na huku, mimi na dada. Ile njia ya kushukia chemchemini imefunikwa na vichaka, hakuna anayeipita tena. Bibi akaketi kwenye jiwe. Akageuza uso kuelekea bondeni na akanyamaza. Halafu akasema:

"Niambieni mnaona nini."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba haoni.

Dada akaanza. "Naona mto, Bibi, mwembamba, kama uzi." Bibi: "Una mchanga mweupe pembeni?" Dada: "Ndiyo." Bibi: "Basi kiangazi kimeingia." Mimi nikasema naona miti. Akaniuliza miti gani. Sikujua. Akaniuliza imesimama vipi, ikoje juu, nikamweleza, akanitajia majina yake. Nilikuwa nimelitazama bonde lile jana yake saa nzima, na sikujua kitu hata kimoja nilichokitazama. Lilianza kuonekana pale nilipolazimika kuliona kwa niaba ya mtu mwingine.

Dada akasema, "Ng'ambo naona moshi."

Bibi akauliza haraka, "Moshi wa nini?"

"Sijui Bibi. Labda wanachoma mashamba."

Akashika rozari. Upande wa mama yake wana ndugu ng'ambo. Wakati Wamsumbiji walipopigania uhuru wao, kuanzia 1964, watu wengi walivuka Ruvuma kukimbilia upande wetu, na wengine walilala nyumbani kwa akina Bibi. Na ng'ambo ile ile, mkoa wa Cabo Delgado, vita vingine vilianza mwaka 2017. Vijiji vimechomwa, watu kwa malaki wamehama makwao. Kwa Bibi moshi ule haukuwa sehemu ya picha. Ulikuwa swali: ni nyumba ya nani?

Tukasali makumi moja ya rozari kwa ajili yao, Matendo ya Uchungu, kila mtu akitazama kule. Kwenye status yangu ya jana kulikuwa na ule ule mto na ile ile ng'ambo, na sikuwa nimemwombea mtu yeyote.

DIRISHA LA OSTIA, DIRISHA LA ROMA

Nimeona nikuongezee madirisha mawili ya watakatifu na wachungaji wetu, ili usidhani haya ni mambo ya bibi yangu tu.

La kwanza ni la mwaka 387. Mtakatifu Augustino na mama yake, Mtakatifu Monika, wako safarini kurudi Afrika. Wamefika Ostia, mji wa bandari karibu na Roma, wamechoka kwa safari ndefu, wanapumzika wakisubiri meli. Katika kitabu chake cha Maungamo, kitabu cha tisa, Augustino anasimulia kwamba walikuwa wameegemea dirisha, wawili peke yao. Mji ni wa bahari, lakini dirisha lile halikutazama bahari. Lilitazama bustani ya uani, ndani ya nyumba waliyofikia. Pale, mama na mwana wakazungumza juu ya uzima wa milele, mazungumzo yakapanda juu hadi wakaonja kidogo furaha ya Mungu. Siku chache baadaye Monika akapata homa, na siku ya tisa ya ugonjwa akafariki, akiwa na miaka 56. Dirisha lile maarufu la watakatifu lilitazama uani, na ukuu wake ulitokana na mama aliyeegemea pembeni ya mwanawe.

La pili ni la juzi tu. Kardinali Bergoglio alipochaguliwa kuwa Papa tarehe 13 Machi 2013, alikuwa na haki ya kuishi katika makazi ya mapapa ndani ya Jumba la Kitume, juu ya uwanja wa Mtakatifu Petro. Hakuhamia. Alibaki kwenye nyumba ya wageni ya Santa Marta, akieleza kwamba hawezi kuishi peke yake, anahitaji kuwa na watu. Akaishi humo hadi alipofariki tarehe 21 Aprili 2025. Lakini dirisha la lile jumba hakulifunga. Jumapili nyingi alipokuwa Roma na mzima wa afya, alikwenda pale juu mchana kusali Malaika wa Bwana na waliokusanyika uwanjani. Unaona utaratibu wake? Kulala, alilala penye watu. Dirishani, alikwenda kwa ajili ya watu.

SASA FAMILIA YAKO IFANYEJE?

Najua wengine mnaposoma hapa mna safari kweli, Desemba mnaenda kijijini, au mmechanga mwende Zanzibar au Bagamoyo. Nikupe mambo matatu ya kuchukua.

Kwanza, anzeni na mahitaji ya aliye dhaifu. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, mwanamke wa Shunemu alimwandalia nabii Elisha chumba cha wageni. Akaweka vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Ulizeni hivyo kwanza. Mzee atapanda ngazi? Mtoto atalala? Mgonjwa ana choo karibu? Hayo yakitimia, ndipo muongee habari za dirisha.

Pili, ulizeni dirisha linalipiwa na nini. Kama pesa ipo na hakuna anayepungukiwa, chukueni chumba kizuri, mkae dirishani wote, mmshukuru Mungu kwa furaha. Hiyo nayo ni ibada. Lakini kama linalipiwa na chakula cha mwingine, au ahadi uliyompa mwingine, au usiku wa baba ambaye atakaa anapiga hesabu asilale, basi dirisha hilo ni ghali kuliko bei iliyoandikwa mapokezi. Na mara nyingi wazazi hawasemi. Watasema "sawa tu mwanangu." Bibi alisema "mwacheni." Jifunze kusikia kilicho nyuma ya "mwacheni."

Tatu, mkifika penye uzuri, tazameni pamoja. Zima simu kidogo. Muulize mzee wako anaona nini pale. Kila mlima na kila bonde katika nchi hii kuna mtu aliyelibeba kichwani kabla hujalipiga picha. Jua jina lake.

Usiku ule wa pili nililala chini. Jiko lilianza kelele saa kumi na moja, harufu ya kuni ikaingia chumbani, na tangi lilijaa usiku kucha kama Bibi alivyosema. Sikulala vizuri, nakwambia ukweli. Lakini asubuhi nilikuwa wa kwanza kukaa kwenye kigoda pembeni yake.

Na ile Desemba niliyoitaja mapokezi, sasa ina kazi nyingine. Tumeanza kuchanga, mimi na dada na wajomba, Bibi akatibiwe macho. Mtoto wa jicho unatibika, na ni aibu kwamba tulimsikia miaka yote akisema "kabla macho hayajafunga" tukadhani ni maneno ya uzee. Mungu akipenda, mwaka ujao tutampandisha tena ukingoni, na safari hiyo yeye ndiye atatuambia anaona nini. Akitaka chumba cha juu, nitambeba ngazini.

MASWALI YA KUTAFAKARI

1. Katika familia yangu, ni nani ambaye kila mara husema "mwacheni" ili mimi nipate?
2. Kuna ahadi niliyompa mzee au mdogo wangu nikaisogeza mbele kwa ajili ya starehe yangu? Nitaitimiza lini?
3. Picha ya mwisho niliyoweka ya mahali pazuri: nawajua watu wa mahali pale? Nimewaombea?

TENDO LA WIKI HII: Mpigie simu bibi au babu yako. Usimwombe kitu, wala usimpe taarifa zako. Muulize swali moja: "Ulipokuwa mtoto, ulikuwa ukitoka nje asubuhi unaona nini?" Halafu nyamaza usikilize.

TUSALI

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeumba mabonde na mito na kuona kuwa ni vyema, tunakushukuru kwa macho uliyotupa. Utusamehe pale tulipoinua macho kama Loti, tukamwacha mzee wetu pembeni. Utufundishe kutoa kwanza na kutazama baadaye, kama baba yetu Abrahamu. Uwabariki bibi na babu zetu, uwaponye macho yao, na uwape heri ya kuwaona watoto wa watoto wao. Uwakumbuke ndugu zetu wa Cabo Delgado na wote wanaokimbia makwao, ili moshi wanaouona jioni uwe ni wa jiko, si wa nyumba inayoungua. Na mwisho wa safari yetu utufikishe kwako, tukutazame milele, sote pamoja, asibaki mtu nyuma. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Monika, utuombee. Mtakatifu Augustino, utuombee.

Wiki njema, kijana mwenzangu. Nisalimie bibi.